Mita moja na sentimita thelathini

Tathmini ya kitaifa ya rasilimali za misitu, ile iliyojulikana kwa kifupi kama NAFORMA, ilitoa taarifa yake mwaka 2015 ikaonyesha kwamba Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu, yaani zaidi kidogo ya nusu ya ardhi yake. Wengi wanaoisoma namba hiyo hudhani imetoka kwenye setilaiti. Setilaiti ilisaidia, lakini picha ya kutoka angani haikwambii mti una uzito gani. Ili kujua hilo, ploti zaidi ya 30,000, yaani vipande vidogo vya ardhi vilivyochaguliwa kuwa sampuli, zilifikiwa na watu waliobeba dira, utepe wa kupimia, panga na chupa za maji.

Mimi sikuwa kwenye kazi ile. Niliingia baadaye, nikiwa msaidizi wa utafiti kwenye miradi midogo iliyofuata taratibu zilezile: kwanza Kitulangalo, msitu wa mafunzo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo ulio kando ya barabara ya Morogoro kwenda Dar es Salaam, kisha kwenye misitu ya miombo mkoani Lindi. Kazi yenyewe ni kupima bayomasi, yaani uzito mkavu wa mti mzima: shina, matawi, majani, na mizizi pale bajeti inaporuhusu. Kutokana na uzito huo ndipo inapatikana kaboni. Naandika kwa ajili ya vijana wanaomaliza masomo ya misitu, mazingira au bailojia na kuitwa kwenye kazi za namna hii, kwa sababu mengi niliyoyakuta huko sikuyasikia darasani.

Nianze na kijiti. Asubuhi ya kwanza kwenye kambi yoyote, kiongozi wa timu hukata fito iliyonyooka, huipima na kuikata kwa urefu wa mita 1.3, na kila mpimaji hupewa ya kwake. Kipenyo cha mti hupimwa kwa urefu huo kutoka ardhini, usawa wa kifua cha mtu mzima, katika nchi nyingi duniani. Ukipima mti huu kwa mita 1.2 na ule kwa mita 1.4 kwa kukadiria kwa macho, huna tena data ya kulinganisha na ya mtu mwingine yeyote.

Kusimamisha kijiti kando ya shina na kuzungusha utepe kunaonekana kazi ya mtoto. Kwenye tambarare, kwa mti ulionyooka, ni kweli. Lakini miombo haina miti mingi ya namna hiyo. Mti ukiwa kwenye mteremko, unasimama upande wa juu wa mteremko ndipo unaanza kupima. Ukiwa umeinama, unafuata mwelekeo wa shina, si mstari wa kwenda juu moja kwa moja. Ukigawanyika chini ya mita 1.3, unahesabiwa kuwa miti miwili. Ukigawanyika juu yake, ni mmoja. Pakiwa na kifundo au uvimbe palepale kwenye kipimo, unapanda juu kidogo hadi shina linapokuwa la kawaida, na unaandika umepima wapi. Mizabibu mwitu iliyoukumbatia mti unaiondoa au unapitisha utepe chini yake. Gome linalobanduka unalisafisha kwa kiganja. Utepe ukilegea au ukipinda nyuma ya shina, mahali usipopaona, namba inaongezeka bila mti kuongezeka. Kwa hiyo mtu mmoja hupima na mwingine huzunguka upande wa pili kuangalia. Nimefanya kazi na viongozi waliosisitiza hilo kwa kila mti, hata saa nane mchana jua likiwa limewaka, na nawashukuru hadi leo.

Kwa nini ukali wote huo? Kwa sababu uzito wa mti haukui sambamba na kipenyo chake. Katika milinganyo inayotumika kwa miombo, yaani kanuni za hesabu zinazogeuza kipenyo kuwa uzito, kipenyo hupandishwa kwa kipeo kinachokaribia 2.5. Chukua mti wa sentimita 30 ukauandika 31. Umekosea kwa asilimia 3 na kidogo kwenye kipenyo, lakini kwenye uzito umekosea kwa zaidi ya asilimia 8. Halafu ploti yenyewe, ile ya nusu kipenyo ya mita 15, ina ukubwa wa takriban mita za mraba 707, kwa hiyo kila mti mkubwa unaouandika mle unasimama badala ya miti 14 kwenye hekta moja. Kosa la mkono mmoja halibaki kwenye fomu moja. Linatembea hadi kwenye jumla ya wilaya.

Hizo ploti nazo zina utaratibu wake. Ni miduara minne, mmoja ndani ya mwingine. Kwenye mduara wa ndani kabisa, wa nusu kipenyo cha mita 1, unapima hata kimche cha kipenyo cha sentimita 1. Kwenye wa mita 5, kuanzia sentimita 5. Wa mita 10, kuanzia sentimita 10. Na ule wa mita 15, kuanzia sentimita 20. Mantiki yake ni kwamba vimche ni vingi na vinatosha kusomwa katika eneo dogo, ilhali miti mikubwa ni michache na inahitaji eneo pana. Kinachochosha ni mteremko. Mita 15 ni za usawa, kama zinavyoonekana kwenye ramani. Mlima ukiwa na nyuzi 30, lazima uvute kamba hadi mita 17.3 ndipo upate mita 15 za kweli. Na kuna miti ya mpakani, ile ambayo nusu ya shina iko ndani na nusu nje. Sheria ni kwamba kitovu cha shina kikiwa ndani, mti unahesabiwa. Mnasimama pale mnavuta kamba mara mbili, mara tatu, kwa ajili ya mti mmoja, na mtu wa kubeba mizigo anawashangaa. Vuteni tu.

Sasa niseme habari za majina, maana hapo ndipo nilipojifunza zaidi kuliko mahali pengine popote.

Kila timu huchukua mwenyeji wa kijiji anayeijua misitu yao. Mara nyingi huwa mzee, mwinda asali au mtu aliyechoma mkaa zamani. Kwenye makaratasi ya mradi huitwa msaidizi wa kienyeji na posho yake ndiyo ndogo kuliko zote. Lindi tulikuwa na mzee mmoja, mtu wa maneno machache. Tulikuwa huko mwezi wa nane, miti mingi imepukutisha majani, na mashina yote yanafanana: ya kijivu, yamepasukapasuka, yameunguzwa chini na moto wa kiangazi. Mtaalamu wetu wa mimea, msomi kabisa, aliinua macho kutafuta jani moja la kumwongoza na hakuliona.

“Binti, nipe nafasi kidogo,” mzee aliniambia. Alichanja gome kwa ncha ya panga, jeraha dogo la upana wa kidole, akasubiri. Palitoka utomvu mweupe kama maziwa. “Mtogo,” akasema, akahamia mti mwingine. Akachanja tena. Hapo palitoka utomvu mwekundu, ukachuruzika polepole juu ya gome. Huo hata mimi niliujua: mninga. Mti wa tatu alichanja, akasogeza pua, akavuta gome kwa vidole likatoka utepe mrefu usiokatika. “Myombo. Huu tunafungia mizinga.” Mtaalamu aliandika majina ya kisayansi kwa kuyafuata yale ya mzee, akichukua na vipande vya gome na maganda ya mbegu yaliyoanguka chini ili kuhakikisha baadaye.

Jina la mti lina uzito halisi katika hesabu. Mbao za mpingo ni nzito kiasi cha kuzama majini. Shina la mbuyu ni laini na limejaa maji. Miti miwili yenye kipenyo kimoja na urefu mmoja inaweza kutofautiana sana kwa uzito mkavu kwa sababu tu ya aina. Ukiandika “haijulikani” kwenye safu ya jina, umemlazimisha mchambuzi atumie wastani. Ukiandika jina lisilo lake ni vibaya zaidi, maana hakuna atakayejua. Na majina ya wenyeji yana mitego: kijiji kimoja kinaweza kutumia jina moja kwa miti ya aina mbili, na ukivuka mto kwenda kijiji cha pili mti uleule unaitwa vingine. Kwa sababu hiyo mimi huandika jina lile lile alilolitamka mzee, kwa herufi alizozitamka, hata nikidhani nalijua la vitabuni, kisha naandika na jina la kijiji pembeni. Anayekuja kusahihisha baadaye atakuwa na pa kuanzia.

Kuna kazi nyingine nzito kuliko kupima miti iliyosimama, nayo ni kuikata. Milinganyo ninayoitaja haikuanguka kutoka mbinguni. Ili kupata uhusiano kati ya kipenyo na uzito, lazima kwanza miti kadhaa, midogo kwa mikubwa, ikatwe, ipimwe kila kipande, na mizizi ichimbwe. Kwa Tanzania sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na watafiti wa Sokoine wakishirikiana na wenzao wa Norway, na matokeo yake yalikusanywa kwenye kitabu kilichotoka mwaka 2016 kikihaririwa na Malimbwi, Eid na Chamshama, chenye milinganyo ya miombo, ya misitu ya milimani, ya mikoko, hadi ya minazi na mikorosho. Kabla ya hapo mara nyingi tulikuwa tukiazima milinganyo iliyotengenezwa kwingine.

Siku ya kukata mti huanza kwa kibali, kisha kupima kila kitu mti ukiwa umesimama, kisha chenso. Baada ya mti kuanguka ndipo kazi inapoanza hasa. Shina hukatwa magogo yanayobebeka. Matawi hutengwa kwa unene. Vijiti na majani hukusanywa juu ya turubai. Kila fungu hufungwa na kuning'inizwa kwenye mzani uliofungwa kwenye miti mitatu iliyosimikwa kama mafiga, mtu mmoja anasoma, mwingine anarudia kwa sauti, wa tatu anaandika kwa penseli. Kwa penseli, kwa sababu wino ukilowa umekwenda. Kamba za mradi zilipokatika, mzee alichuna gome la myombo na kutusukia nyingine palepale, na zile ndizo zilizotufikisha jioni.

Uzito huo ni wa ubichi, na sehemu kubwa yake ni maji. Kwa hiyo huchukuliwa vipande vya duara vya shina, vya matawi, na viganja vya majani, vinapimwa hapohapo msituni kwa mzani mdogo kabla havijakauka, vinawekwa kwenye mfuko wenye lebo, na maabara vinaingizwa kwenye oveni ya nyuzi joto 105 hadi uzito wake uache kupungua. Uwiano kati ya uzito wa mwanzo na wa mwisho ndio unaobadilisha mti mzima kutoka ubichi kuwa ukavu. Kipande kikikaa juani nusu saa kabla ya kupimwa, uwiano wote umeharibika. Majani yakipimwa yakiwa na umande, mmepima umande. Tulikuwa tunasubiri hadi majani yakauke maji ya nje ndipo tuanze, na asubuhi za Kitulangalo huwa na umande mwingi.

Mizizi ni sululu na uvumilivu. Unafuata mzizi chini ya mwamba, unaupoteza, unauona tena mita mbili mbele. Haiwezekani kuifukua yote, ndiyo maana huchaguliwa mizizi michache ya kufuatwa hadi mwisho na mingine hukadiriwa kwa unene wake pale ilipokatika. Ukiwa ndani ya shimo lile unaelewa kwa nini tafiti nyingi huishia juu ya ardhi, na kwa nini zile chache zilizochimba zina thamani kubwa.

Nitasema wazi kwamba kukata kunaumiza. Mninga uliosimama kabla babu zangu hawajazaliwa, unautazama ukianguka kwa ajili ya jedwali. Nimelikubali jambo hilo kwa sharti moja: mti huo usipotee. Kila kipande kipimwe, kila lebo iwe sahihi, data ihifadhiwe mahali ambapo mtafiti mwingine ataipata ili asilazimike kukata mwingine. Mbao na kuni hubaki kwa kijiji. Mtu anayekata mti wa utafiti kisha akaacha lebo zikaanguka njiani amefanya uharibifu tu.

Hapo naingia kwenye jambo lisilopendeza. Kuna timu zinazopika takwimu. Nimewahi kufanya kazi kwenye mradi ambao timu jirani ilijaza fomu za ploti za mlimani ikiwa imekaa chini ya mwembe. Posho zilikuwa zimechelewa, gari lilikuwa bovu, na mlima ulikuwa mkali kweli. Nazijua shida zile kwa sababu nasi tulikuwa nazo. Lakini data ya kupika hujulikana. Binadamu akibuni vipenyo hupenda namba zinazoishia na sifuri au tano, husahau miti iliyokufa ikiwa imesimama, na misitu yake haina mti mmoja mkubwa wa ajabu unaovuruga wastani. Tena miradi makini huwa na timu ya ukaguzi inayorudi kupima upya baadhi ya ploti. Kwenye ploti za kudumu alama ya katikati hufichwa ardhini, ili hata wanakijiji wasiitendee sehemu hiyo tofauti na msitu mwingine, na wakaguzi huifukua kuona kama kweli mlifika. Timu ile ilifukuzwa, na ploti zao tukapewa sisi. Mlima ulikuwa mkali kama walivyosema.

Kuhusu usalama sitasema mengi. Vaa viatu vya kufunika vifundo. Usivae nguo nyeusi wala za buluu iliyokoza kwenye nchi ya mbung'o, maana rangi hizo huwavuta. Jifunze kuutambua upupu kabla hujaugusa, hasa kiangazi maganda yake yakiwa yamekauka na upepo unavuma. Mti wenye tundu uliza kwanza kama una nyuki. Na siku ya chenso, asiyehusika akae mbali kwa urefu wa mti mara mbili.

Ninalotaka kulikalia zaidi ni la watu. Huwezi kuingia msituni bila kupita kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji na barua ya wilaya mkononi, lakini barua haimalizi wasiwasi. Watu wameona wageni wengi wenye GPS, na wengine waliondoka na ardhi. Katika mkutano mmoja bibi mmoja aliyekaa mbele kabisa aliuliza, “Mkishaipima, miti inakuwa ya nani?” Kiongozi wetu alianza kueleza juu ya mabadiliko ya tabianchi, akafika hadi kwenye barafu. Bibi akarudia swali lake vilevile.

Swali lile lina jibu, na mpimaji anapaswa kulijua. Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wa hifadhi kwenye ardhi yake na kuusimamia chenyewe. Kupima hakubadilishi mmiliki. Lakini kaboni imekuwa mali. Norway ilipoahidi kroni milioni 500 kwa Tanzania mwaka 2008 kwa ajili ya mpango ulioitwa MKUHUMI, wa kupunguza hewa ukaa itokanayo na ukataji na uharibifu wa misitu, swali la nani anajua namba ya msitu liligeuka swali la fedha. Leo vijiji vya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi vinapokea mapato ya kaboni, yaani malipo ya kuutunza msitu usikatwe, na wenyeji wa bonde la Yaeda wilayani Mbulu walitangulia. Mti ukiwa na uzito mkavu wa kilo 500, kaboni yake huchukuliwa kuwa asilimia 47, yaani kilo 235, na ukizidisha kwa 44 ukagawa kwa 12 unapata hewa ukaa kilo 862 hivi. Hesabu hiyo inaweza kufanywa kwenye ubao wa shule ya msingi ya kijiji. Nimewahi kuifanya hapo, na yule aliyeuliza maswali makali kuliko wote alikuwa mchoma mkaa, kwa sababu yeye anaujua uzito wa mti kwa mgongo wake.

Kupima kwenyewe pia si siri ya wasomi. Utafiti wa Zahabu, mtafiti wa Sokoine, uliofanyika pamoja na vijiji, vya kando ya Kitulangalo vikiwemo, ulionyesha kwamba wanakijiji waliopewa mafunzo ya muda mfupi hupima kaboni ya msitu wao kwa usahihi unaokaribia wa wataalamu, na kwa gharama ndogo zaidi. Sishangai. Wanazijua njia, wanayajua majina, na mwakani watakuwa bado wapo. Sisi wa vyuoni tunahitajika kwenye kupanga sampuli, kuhakiki na kuchambua. Utepe na kijiti wanaweza kushika wao, na inafaa walipwe kama wapimaji, si kama wabeba mizigo.

Kwa hiyo nikiitwa kwenye mradi siku hizi, kabla ya kusaini nauliza mambo yangu. Posho inalipwa kabla ya kuingia msituni au baada? Kuna bima na gari la dharura? Data itahifadhiwa wapi, na kijiji kitatajwa kama chanzo? Na nauliza kama ratiba ina siku ya kurudi kijijini kusoma matokeo kwenye mkutano, kwa Kiswahili, hekta kwa hekta. Wengi huniambia siku hiyo haimo kwenye bajeti. Huwaomba wapunguze siku moja ya kambi waiweke huko, na waongeze nauli ya mtu mmoja. Mara nyingi wamekubali, na pale walipokataa nimewaachia kazi yao.